Barua ya Mjane Mwenye Milioni Kumi



Miongoni mwa barua tunazoletewa siku hizi na kompyuta na simu zetu, imo aina moja ambayo karibu kila mmoja wetu amekwisha kuipokea. Mwandishi wake hujitambulisha kuwa ni mjane wa tajiri mkubwa. Mumewe amefariki dunia, naye mwenyewe yu kitandani kwa maradhi ya saratani, na waganga wamekata tamaa. Mtoto hana. Katika benki fulani zimewekwa dola milioni 10 na nusu, na kwa kuwa yeye ni mcha Mungu, ametafuta duniani kote mtu mwaminifu wa kumkabidhi mali hiyo ili awasaidie mayatima. Baada ya kutafuta huko kote, amekupata wewe! Hakujui jina, wala hajui kama u Mwislamu au Mkristo, lakini uaminifu wako umemfikia. Limebaki jambo dogo tu: uipeleke ada ya kufungulia faili, kisha milioni zitakuja.

Barua moja ya namna hiyo ilifika katika chuo cha dini ninachofundisha, huku Afrika Magharibi, mbali na nyumbani kwetu. Mwandishi alikuwa ameniita kwa cheo cha "Mheshimiwa Mchungaji Sheikh", ili asikose pande zote mbili. Nikaisoma darasani, na wanafunzi wakacheka sana. Nami nikacheka pamoja nao. Ndipo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mwenyeji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, kijana mwepesi wa ulimi na mwenye akili nzuri, akasema: "Sheikh, niachie mimi huyu nimcheze kidogo." Nikatabasamu, nikaendelea na somo. Yeye alikuhesabu kutabasamu kwangu kuwa ni ruhusa, na makala hii ni malipo ya kosa langu hilo.

Swali nitakalo tulichunguze ni hili: Je, yafaa kwa muumini kumjibu mwongo kwa uongo, maadamu nia ni mzaha?

ASILI YA BARUA HIZI

Yafaa ikumbukwe kwanza ya kwamba ulaghai huu haukuanza na kompyuta. Vidocq, Mfaransa aliyekuwa mfungwa kisha akawa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1828 jinsi wafungwa wa zama zake walivyokuwa wakiwaandikia matajiri habari za hazina iliyofichwa, wakiomba fedha kidogo ili hazina hiyo ipatikane. Barua hizo ziliitwa kwa desturi "barua za Yerusalemu". Angalieni jinsi walaghai wapendavyo kuvaa kanzu ya dini tangu hapo! Baadaye katika karne ile ile ya 19 zikaenea barua za "mfungwa wa Hispania", tajiri aliyedaiwa kuwa gerezani, ambaye aliahidi fungu kubwa la mali yake kwa yeyote atakayemsaidia atoke.

Katika miaka ya 1980 barua za namna hiyo zilianza kupelekwa kwa wingi kutoka Nigeria kwa posta, kisha kwa faksi, na katika miaka ya 1990 zikahamia katika intaneti. Ndiyo maana watu huuita ulaghai huu "419", yaani kifungu cha 419 cha Sheria ya Jinai ya Nigeria, kinachomwadhibu mtu ajipatiaye mali kwa udanganyifu. Hapa msomaji asije akakosea. Kuwako kwa kifungu hicho kwathibitisha kwamba Nigeria yenyewe imeuharamisha uovu huo, na walaghai wa leo wamo katika mataifa mengi. Kwetu Afrika Mashariki vilevile ni nani asiyepata kupokea ujumbe wa simu usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii," hali ya kuwa hapakuwa na pesa wala mapatano?

Wala asidhani mtu kwamba wanaonaswa ni wajinga peke yao. Kati ya mwaka 1995 na 1998 mkuu mmoja wa benki iliyoitwa Banco Noroeste, huko Brazil, alipeleka dola milioni 242 za benki yake kwa watu waliomwambia kwamba kunajengwa kiwanja cha ndege mjini Abuja. Aliyekuwa akizungumza naye alijifanya kuwa ni Gavana wa Benki Kuu ya Nigeria. Na yeye mwenyewe, mwenye benki na makarani na wanasheria, alikuwa ameahidiwa nini? Dola milioni 10. Ni karibu hesabu ile ile ya mjane wetu! Mwaka 2005 mahakama ya Nigeria ilimhukumu kifungo kiongozi wa walaghai hao.

Na uchungu wa waliodhulumiwa si jambo la kuchezewa. Mwezi wa Februari 2003 mzee mmoja wa miaka 72, aliyepoteza akiba ya maisha yake kwa ulaghai wa namna hii, aliingia katika ubalozi wa Nigeria mjini Prague akampiga risasi afisa wa ubalozi akamwua. Hali afisa yule siye aliyemwibia. Hivyo uongo ulioanza na salamu tamu ulimalizikia katika damu ya mtu asiyehusika.

MCHEZO WA KUWAJIBU

Sasa, wako watu waliosema: Sisi hatutaibiwa, bali tutawacheza hao wachezaji. Huwajibu walaghai wakijifanya wamenasa, wakawapotezea muda wao kwa maswali yasiyokwisha. Mwaka 2003 Mwingereza mmoja, Michael Berry, alianzisha tovuti yao iitwayo 419 Eater, ambayo imepata wafuasi wengi. Yasimuliwa kwamba mmoja wa walaghai alishawishiwa achonge kwa mti mfano wa kompyuta ya zamani iitwayo Commodore 64, vitufe vyote mahali pake, akiamini kwamba atalipwa kwa usanii wake. Na malipo hayakuja.

Mchezo huu una hoja ya kielimu nyuma yake. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtaalamu wa idara ya utafiti ya Microsoft, aliuliza kwa nini walaghai huandika hadithi zisizoaminika kabisa, na hata kulitaja wazi jina la Nigeria, hali kila mtu amekwisha kuonywa. Jibu lake lilikuwa kwamba upuuzi huo wawafaa. Kupeleka barua milioni hakugharimu kitu, lakini kuzungumza na kila anayejibu kwagharimu muda mwingi. Kwa hiyo barua ya kipuuzi ni chekecheo: wenye shaka huanguka mapema, wakabaki wale wepesi wa kuamini, nao ndio wanaotafutwa. Basi anayejibu bila nia ya kulipa huliharibu chekecheo hilo, kwani humpa mlaghai kazi isiyo na faida.

Naam, hoja hiyo ina uzito. Lakini tazameni mchezo huo ulipofika. Wako waliowataka walaghai wajipige picha wakiwa wameshika mabango ya kujidhalilisha, kisha picha hizo zikatandazwa mbele ya dunia ichekelee. Na mwaka 2008 redio moja ya Marekani, katika kipindi kiitwacho This American Life, ilieleza jinsi wachezaji hao walivyomvuta mtu mmoja kutoka Nigeria hadi Abeche, mashariki mwa Chad, karibu na mpaka wa Darfur, wakati ambapo nchi ile ilikuwa na vita. Walimpeleka kwa ahadi za uongo, mamia ya maili, mahali ambapo angeweza kuuawa, nao wamekaa majumbani kwao wakisoma barua zake kwa kicheko.

Je, ni nani sasa mlaghai katika kisa hicho, na ni nani aliyelaghaiwa?

KALAMU MBILI

Baada ya wiki sita mwanafunzi wangu alinijia jioni akiwa na bunda la karatasi. "Sheikh," akasema, "hebu tazama kazi yangu." Alikuwa ameziandika kwa mashine barua zote, zake na za mlaghai. Nakiri ya kwamba mara mbili nilicheka hata machozi yakanitoka. Alikuwa amejifanya ni mzee tajiri, mfanyabiashara wa karafuu, mwenye majahazi saba na usahaulifu mwingi. Alipoulizwa namba ya akaunti, alijibu kwa uzito wa magunia yake. Alipotakiwa apeleke picha yake, alipeleka picha ya mbuzi, akieleza kwamba huyo ndiye mshirika wake katika biashara na hana siri naye.

Kisha "wakili" wa yule mjane akataka waonane. Mwanafunzi akamwagiza akasimame katika kituo cha mabasi cha mji wake, mkononi ameshika nanasi, ili mjumbe wa mzee amtambue. Jioni ya siku ile wakili akaandika: "Mzee, nimesimama juani tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Mjumbe sikumwona. Nanasi nimelila kwa njaa." Na chini yake lilikuwako jibu la mwanafunzi wangu: "Samahani, mwanangu. Rudi kesho na nanasi lingine. Wallahi, mjumbe atakuwapo."

Hapo kicheko kilinikauka kinywani. Sikumwambia neno. Nilimpa kalamu mbili, nikamwambia: "Kwa kalamu hii ya buluu upige mstari chini ya kila uongo wa huyo mtu. Na kwa hii nyekundu, chini ya kila uongo wako. Kisha uhesabu."

Akakaa, akapiga mistari. Ikawa muda mrefu. Alipomaliza, ya buluu ilikuwa 31 na nyekundu 38.

"Umemshinda," nikamwambia.

Akatabasamu, akidhani namtania. Ndipo nikaweka kidole juu ya lile neno Wallahi.

"Sheikh, ulikuwa mzaha tu," akasema.

"Na yeye akiulizwa atasema ilikuwa biashara tu. Lakini niambie, Jina la Mwenyezi Mungu lilikuwa na kazi gani katika barua hii?"

Alinyamaza kitambo, kisha akajibu kwa sauti ndogo: "Ili aniamini."

Wasomaji wapenzi, lifikirini jibu hilo. Mtu yule ni mwizi. Lakini pamoja na wizi wake, moyoni mwake lilikuwa limebaki jambo moja: kwamba aapaye kwa Jina la Mungu hasemi uongo. Na nani aliyelitumia baki hilo la imani kuwa chambo? Si mwizi mwenzake, bali mwanafunzi wa dini, anayejiandaa kusimama mbele ya watu na kuwaita kwa Jina lile lile. Kiapo cha uongo kinachoapwa kwa kusudi kimehesabiwa katika Hadithi pamoja na madhambi makubwa. Hakukutajwa humo kwamba kikiapwa kwa mwizi ni halali.

MZAHA WA MTUKUFU MTUME S.A.W.

Pengine msomaji atadhani kwamba dini yataka watu wenye nyuso zilizokunjamana. La hasha! Masahaba walipata kumwuliza Mtukufu Mtume s.a.w. juu ya kutania kwake pamoja nao, naye akawajulisha kwamba hata katika utani hasemi ila kweli. Imepokelewa kwamba mtu mmoja alimwendea kumwomba mnyama wa kupanda, naye akamwambia kwamba atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume s.a.w. akamwuliza kama yuko ngamia yeyote asiyekuwa mtoto wa ngamia. Mnaona? Neno ni la kweli, kicheko kimepatikana, na ngamia amepatikana pia. Hakuna aliyeondoka amedhulumiwa wala aliyeondoka ametahayarishwa.

Kwa upande wa pili imepokelewa kwamba alikariri ole mara tatu juu ya mtu ambaye hutunga uongo ili awachekeshe watu. Hivyo mpaka umewekwa wazi. Mzaha una nafasi katika maisha ya muumini. Uongo hauna nafasi, hata ukivikwa nguo za mzaha.

Tena, siku moja sokoni Mtume s.a.w. alitia mkono ndani ya chungu la nafaka, akakuta chini yake kumelowana, hali juu kulikuwa kukavu. Akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowana juu ili watu waione, na akaonya kwamba mdanganyifu si katika sisi. Angalieni namna alivyomfunua mdanganyifu yule. Hakumwekea mtego, wala hakujifanya mnunuzi mpumbavu. Alitia mkono tu ndani ya chungu, na kweli ikajitoa yenyewe.

Nikamwambia mwanafunzi wangu: "Tafuta mzaha ulio mkono wa kutia ndani ya chungu."

JIBU TULILOLIPELEKA

Kesho yake tulilitunga jibu darasani, kila mtu akitoa fikira yake, kwa sharti moja: lisiwemo neno hata moja lisilo kweli. Tukaliandikia katika anwani isiyobeba jina la chuo wala la mtu yeyote. Tuliandika hivi:

"Mama mpendwa, tumepata habari za ugonjwa wako. Ikiwa kweli u mgonjwa, Mwenyezi Mungu akuponye. Umetuambia kwamba unazo dola 10,500,000, na kwamba ili zitoke yatakiwa ada ya dola 850. Sisi ni wanafunzi wa dini, na dola 850 hatuna. Lakini wewe, kwa maneno yako mwenyewe, unazo. Basi zikate katika fedha zako. Zitakazobaki ni dola 10,499,150. Hizo wape mayatima wa mji wako, kwani wao wa karibu nawe kuliko sisi."

Baada ya siku mbili mjane akajibu kwamba sheria ya benki hairuhusu ada ikatwe katika fedha zenyewe. Lakini kwa kuwa ametuhurumia, ada sasa ni dola 400. Tukamwandikia: "Tumefurahi kusikia kwamba sheria ya benki imelegea kwa dola 450 katika muda wa siku mbili. Tukingoja siku mbili nyingine huenda ikawa bure. Tutangoja." Darasa zima lilicheka, na wala haikuhitajiwa kalamu nyekundu.

Ndugu msomaji, hesabu hii ndogo ishike daima. Mtu yeyote, awe mjane, mwanasheria, jenerali, au sauti ya simu ikuambiayo kwamba umeshinda bahati nasibu usiyoicheza, akidai kwamba anazo milioni zako na hazitoki mpaka umpe elfu, mwambie akate elfu hiyo katika hizo milioni. Mkweli ataweza. Mwongo hataweza, kwa sababu fedha pekee iliyoko katika hadithi yake yote ni ile itakayotoka mfukoni mwako.

Tulimwandikia mara ya mwisho bila ya mzaha. Tulikumbuka mafundisho ya Mtume s.a.w. kwamba tumsaidie ndugu yetu akiwa mdhulumu au mdhulumiwa, na kwamba kumsaidia mdhulumu ni kuuzuia mkono wake. Tukasema: "Ewe uliye nyuma ya jina la mjane, wewe wajua kwamba hakuna mjane. Huenda nyuma ya barua zako kuna mzee aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho. Mwenyezi Mungu amwona yeye, akuona na wewe. Rudi ungali hai." Naye mwanafunzi wangu, kwa mkono wake, akamwandikia yule "wakili": "Hakuna mzee wa karafuu. Nilikudanganya, na niliapa kwa uongo. Nimetubu kwa Mola wangu, nami nakuomba radhi kwa siku ile uliyosimama juani. Nawe utubu kwa ya kwako."

Hakuna aliyejibu. Lakini kijana aliniambia kwamba barua ile ya mistari michache ilikuwa nzito kuiandika kuliko zote za mzee wa karafuu.

HOJA ZINAZOLETWA

Pengine mtu atasema: Je, haikupokewa kwamba vita ni hila? Ndiyo, imepokewa, lakini hayo ni ya vita, chini ya uongozi wenye madaraka na wenye kuulizwa. Askari wa upelelezi amtegaye mwizi ili amfikishe mahakamani yumo katika kazi ya uadilifu, na sheria yamwekea mipaka. Lakini mtu aliyeketi nyumbani kwake akimtuma mwenziwe juani ili apate kucheka, hiyo si vita wala si uadilifu. Hiyo ni burudani.

Mwingine atasema: Mimi nampotezea muda ili asimwibie mwingine. Nia hiyo ni njema. Lakini tumekwisha kuona kwamba kweli nayo yampotezea muda. Tena ujiulize: muda unaopotea ni wa nani? Mwanafunzi wangu alitumia wiki sita, na katika wiki hizo hakukamilisha juzuu aliyokuwa akiihifadhi.

Wa tatu atauliza: Basi, kila barua ijibiwe namna hiyo? Sivyo. Kwa watu walio wengi lililo bora ni kutojibu kabisa, kwa kuwa jibu lo lote, hata la matusi, humjulisha mlaghai kwamba anwani yako ina mtu. Sisi tulijibu mara moja kwa ajili ya somo. Usimpe kamwe jina lako, namba ya siri, picha ya kitambulisho wala habari za akaunti yako. Ujumbe wa ulaghai wa simu Tanzania hupokelewa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa namba 15040. Mzaha wako ufanye nyumbani: wasomee wazee na watoto barua hiyo jioni, mcheke pamoja, mwoneshane mahali palipolowana. Nyumba iliyokwisha kuicheka barua hiyo pamoja haitadanganywa kwa urahisi nayo, kwani ulaghai huu huishi kwa siri. Tazama, katika kila barua utakuta sharti hili: "Usimwambie mtu."

Na ikiwa katika jamaa yako yuko aliyekwisha kudanganywa, usimcheke huyo. Aibu ndiyo inayowanyamazisha walioibiwa, na kunyamaza kwao ndiko kunakomwachia mwizi njia ya kwenda kwa wa pili. Katika Sura Al-Hujurat Mwenyezi Mungu amewaamrisha waaminio kwamba wakijiwa na mtu mwovu mwenye habari waichunguze, wasije wakawadhuru wengine kwa ujinga. Katika sura hiyo hiyo, baada ya aya chache tu, amekataza watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wenye kudharau. Amri hizi mbili zakaa pamoja. Ya kwanza yatukinga na barua ya mjane. Ya pili yatukinga na kiburi cha kuwa tumeitambua.

NENO KWA WALIO WAPYA

Wewe ndugu uliyeingia katika dini juzi, nawe unayeendelea kuchunguza, nina neno nanyi. Jirani zako hawakusomi kwanza kwa vitabu ulivyovinunua. Wanatazama kama ulimi wako umebadilika. Wataka kujua kama neno lako sokoni lina uzito kuliko jana, na kama utani wako wacheka nao au wawacheka wao. Kusema kweli mbele ya mkweli ni jambo jepesi. Kipimo ni kusema kweli mbele ya mtu ambaye, kwa hesabu ya dunia, hastahili kuambiwa kweli. Hapo ndipo ijulikanapo kama ukweli ni mali yako, au ni nguo unayoivaa ukienda kwa watu wa heshima.

Na kuna kicheko kimoja ambacho ni bora kuliko vyote. Barua ile ilipofika, kabla sijaisoma darasani, niliisoma peke yangu. Nilipofika penye milioni 10 na nusu, kwa muda wa kufumba na kufumbua, nafsi yangu ilikwisha kuezeka paa jipya la nyumba ya mama yangu na kununua gari. Kisha ndipo akili ikarudi. Mjane huyo, basi, hakuandika kutoka mbali. Nusu ya barua yake ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya moyo wangu, naye aliijaza nusu iliyobaki. Nilijicheka sana. Na atakayeanza kwa kuicheka tamaa yake mwenyewe, huyo hatapata nafasi ya kumdhalilisha mwingine, wala mlaghai hatapata nafasi kwake.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zisemazo kweli katika kazi na katika mzaha, atukinge na tamaa iliyo mlango wa kila mdanganyifu, awarudishie waliodhulumiwa mali zao au kilicho bora kuliko mali hizo, na awaongoze waliodhulumu warudi wangali hai. Amin.